Mke wa Kibali cha Kuku

Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Machi 1954

Mpendwa Mama Gaudens,

Tumsifu Yesu Kristo. Mumeo ni mzima, duka ni zima, na habari kubwa naitanguliza: nyumba tumepata. Kaa chini kwanza, halafu soma tena.

Ni nyumba hii hii ambayo nimepanga chumba cha mbele na duka. Mwenyewe, marehemu Fundi Heri mshona kanzu, alifariki mwezi wa pili. Ndugu yake Mbaruku ndiye msimamizi wa urithi, akanijia mimi kabla ya wengine kwa kuwa ni mpangaji wa miaka mitatu na sijamsumbua mtu. Tumepeana mikono mbele ya wazee wa mtaa. Vyumba sita, mabati juu, bomba la maji kwenye kona, na ua mkubwa nyuma.

Ila mjini hununui nyumba ukahamia siku hiyo hiyo kama aliyenunua jembe. Kiwanja ni cha serikali. Bwana Afya hukagua choo, jiko na ua, na kuandika nani anaishi humo, ndipo Bomani waingize jina la mnunuzi. Kwa hiyo uvumilie kidogo. Mwezi wa saba hivi wewe na watoto mtashuka.

Siku hizi asubuhi nakula mayai. Uani kuna kuku kumi na wawili, wanataga sana. Msalimie mama, mwambie mwanawe sasa ana mlango wake mjini.

Mumeo,
Anselmi

*

Kibosho,
29 Machi 1954

Baba Gaudens,

Milele, amina. Barua yako nimeisoma mara tatu: mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kwa mama yako, mara ya tatu kwa macho yangu mwenyewe.

Kwa furaha sina la kusema. Nimekaa huku kwenye migomba ya mama yako miaka mitatu nikisubiri neno hilo. Vyumba vyote nimekwisha kuvipanga kichwani, hata msumari wa kutundika rozari nimeupigilia. Wenzangu hapa waume zao wakienda mjini hurudi na redio. Wangu amerudi na nyumba.

Sasa niambie habari za kuku. Wewe nakujua. Hapa nyumbani ulikuwa hujui jogoo analala wapi. Duka unafungua alfajiri, unafunga watu wakienda kulala. Hao kumi na wawili wanafunguliwa na nani? Wanapewa maji na nani? Nani anachungulia kiota? Kuku waliobadilisha mwenyewe hugoma kutaga, hata mtoto wa hapa anajua. Kuku wanaotaga sana wana mtu waliyemzoea.

Na kwa nini mwezi wa saba? Bwana Afya huyo anakagua choo kimoja miezi minne?

Mkeo wa ndoa,
Celina

*

Kariakoo,
17 Aprili 1954

Mama Gaudens mpenzi,

Heri ya Pasaka kesho. Nitasali kanisa la Mtakatifu Yosefu, nitakuombea uache kuwapeleleza kuku.

Kuku wa pwani wanajitunza wenyewe. Mimi nawatupia pumba na chenga za mchele za dukani, basi. Mwezi wa saba ni kwa sababu ya paa, na choo, na mambo mengine ya hapa mjini ambayo kwenye barua yatakuwa marefu. Niamini.

Lakini kwa kuwa unapenda habari zao, koo mmoja ameanza kutamia. Amewekewa mayai kumi na moja, maana hapa hawaweki hesabu ya shufwa, na kipande cha mkaa katikati ya kiota ili radi za masika zisiyavize. Na koo akitamia usimpitie upande wa kichwani, mpitie nyuma, la sivyo huacha mayai. Unaona mumeo alivyokuwa fundi?

Ndani ya bahasha kuna karatasi za Bomani na za Bwana Afya. Zifungie kwenye sanduku lako la bati, huku wezi ni wengi. Ni Kiingereza kitupu, usihangaike nazo.

Wako,
Anselmi

*

Kibosho,
Jumapili, 16 Mei 1954

Anselmi,

Leo nakuita jina lako, maana nimesikia kuna mwingine anayekuita hivyo.

Kaka yangu Marcelino amerudi Dar Jumatano. Nilimtuma akupelekee kahawa, kumbe nimemtuma kuchukua moto. Alichelewa kusema, pombe ndiyo iliyomfungua mdomo. Alifika dukani hakukukuta mbele, akapita ndani mpaka nyuma, akakukuta umesimama uani unaongea na ukuta wa mabati. Na ukuta ukakujibu kwa sauti ya mwanamke: “Moja limepasuka, Anselmi, nitalila mwenyewe.” Ukacheka. Marcelino anasema hajakusikia ukicheka hivyo tangu kipaimara. Jua lilipozama sahani ikapita chini ya bati, imefunikwa kawa, mihogo ya nazi. Mkatoliki mzima unafuturu!

Mimi mke wako wa madhabahu, mama wa wanao watatu, sijapata kukuita Anselmi mbele ya mtu.

Nikakumbuka zile karatasi ulizoniambia nisihangaike nazo. Leo baada ya misa nikampa Mwalimu Severine anisomee, pale pale nje ya kanisa, mama yako akiwa pembeni yangu na nusu ya kijiji nyuma. Akasoma ya kwanza, ya kiwanja. Akasoma ya pili: “Kibali cha kufuga kuku kumi na wawili. Mfugaji: Sitara, mke wa mwenye kiwanja.” Akadhani sikusikia, akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Basi kumi na moja hawaweki shufwa, na mkaa wa radi, na koo hapitiwi kichwani. Mama yako hakukufundisha hayo. Wala mimi. Nilijua tangu siku ile kwamba kuna mdomo wa mwanamke ndani ya barua yako, nikajiona mwehu. Sasa najua sikuwa mwehu, nilikuwa mjinga.

Bahasha ndogo iliyomo humu usiifungue. Ipitishe chini ya bati.

Celina

*

17 Mei 1954

Kwa Bwana Afya wa mji, Dar es Salaam.

Bwana mheshimiwa,

Mimi ni mtu ninayependa usafi. Katika nyumba ya Anselmi muuza duka, Mtaa wa Mahiwa, kuna kuku kumi na wawili karibu na jiko, na kibali chao kimeandikwa uongo. Mwanamke aliyeandikwa humo si mke. Mke yupo, ana pete na cheti, na hajawahi kuvuka Mto Pangani. Tafadhali kagua upya, usiishie mlangoni.

Mpenda usafi

*

17 Mei 1954

Wewe wa uani,

Sikujui, nawe hunijui, lakini mume tunamjua wote. Mimi ni Celina. Niliolewa mwaka wa arobaini na nne, padre akiwepo na ng'ombe wawili wakiwa wamekwisha kupita. Wewe umeolewa kwa kuku.

Nasikia watu wa pwani mna maneno matamu na mihogo mitamu. Kula, shiba. Ila ujue nyumba hiyo ina jasho langu. Kahawa iliyochangia bei ya mlango huo niliichuma mimi nikiwa na mtoto mgongoni. Wizi wa mume naweza kumwachia Mungu. Wizi wa nyumba sitamwachia.

Celina, mke wa mwenye kiwanja, wa kweli

*

Uani, Mtaa wa Mahiwa,
Kumi la mwisho la Ramadhani,
29 Mei 1954

Kwa Bi. Celina, nyumbani kwake Kibosho.

Salaam nyingi zitangulie. Barua yako ilipita chini ya bati, pale pale yanapopita mayai. Nimeisoma nikiwa na saumu, kwa hiyo jibu langu lina adabu kuliko inavyostahili. Naandika kwa mkono wangu. Herufi hizi za kizungu alinifundisha marehemu mume wangu, jioni jioni, kwa chaki ya kupimia nguo.

Mume wangu ni Fundi Heri. Nimesema ni, sikusema alikuwa, kwa sababu bado niko eda yake. Kama kwenu hakuna jambo hili nitakueleza. Mwanamke akifiwa hukaa miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya mumewe. Hatoki. Hajipambi. Haonwi uso na mwanamume asiye maharimu yake, yaani ndugu asiyeweza kumwoa. Na nyumba hata ikiuzwa, yeye hatolewi mpaka siku zake ziishe. Mumeo aliambiwa hivyo mbele ya wazee akakubali, na ndiyo maana mwezi wa saba. Siyo paa. Paa ni zima.

Bati aliliweka yeye mwenyewe, ukumbi wake usione ua wangu. Hajui kama mimi ni mweupe au mweusi, mrefu au kibeti. Anajua sauti yangu na mayai yangu. Mimi siwezi kwenda sokoni. Yeye analeta pumba, mimi nalisha, yeye anauza mayai, ananinunulia unga. Futari napeleka kwa kila aliye chini ya paa hili, hata angekuwa Banyani.

Sasa kibali. Kanuni ya mji inasema mpangaji hafugi kuku. Anafuga mwenye nyumba na watu wake. Nyumba ilipouzwa, kuku wangu wakawa haramu kwa siku moja. Karani wa Bwana Afya akasimama mlangoni, akauliza, “Huyo wa uani ni mkeo?” Nilikuwa nyuma ya bati nimeshika bakuli la maji. Kisha mumeo akasema, “Ndiyo.”

Nami sikumkanusha. Kuku hao walikuwa kila nilichobakiwa nacho cha kuamka asubuhi. Kosa letu ni hilo, tugawane mimi na yeye.

Ila usiniite mwizi. Wewe unaona wivu kwa mume ambaye sijapata kumwona. Mimi naona wivu kwa jiko ambalo wewe hujapata kuliona. Niliingia humu mwali, miaka ishirini na miwili iliyopita. Mafiga yale niliyachagua mimi. Usiku nahesabu siku zangu nikijua kila moja inayoondoka inakuja kwako, na wallahi sikupendi.

Sitara binti Shomari

*

Kariakoo,
5 Juni 1954

Mama Gaudens,

Mambo yameharibika. Bwana Afya amerudi, na karani, na barua mkononi. Barua ina muhuri wa posta ya Moshi. Mwandiko naujua, ndio ulioniandikia siku za uchumba. Sitasema zaidi ya hapo.

Niliulizwa mbele ya wapita njia nina wake wangapi. Nikisema mmoja, nimedanganya serikali kwenye kibali. Nikisema wawili, nimedanganya kanisa. Sasa Bomani wamezuia karatasi zote. Wanataka vitu vitatu kabla ya tarehe thelathini: cheti chetu cha ndoa, kuku watoke wote, na yule mama aandike mwenyewe, kwa mkono wake, kuwa yeye si mke wangu na hana dai katika kiwanja. Visipofika, mauzo yamekufa, na nyumba inarudi kwa Mbaruku. Tayari ana mnunuzi mwingine mlangoni. Mbaruku alikuwa ananichekea. Sasa ananisalimia kwa kidevu.

Cheti unacho wewe. Barua ya yule mama siwezi kuiomba. Nitamwombaje? Nimemfedhehesha. Tangu siku ile hajanena neno. Napitisha pumba, yanakuja mayai.

Nilikuficha kwa sababu nakujua. Ningekuandikia “kuna mjane uani” ungepanda basi na panga. Nilidhani siku zitaisha, atakwenda kwao, nawe utakuta ua umefagiwa na hutauliza. Nilisema ndiyo kwa karani kwa sababu nilimsikia jinsi anavyoongea na wale kuku. Sina sababu nyingine. Niamini au usiniamini.

Anselmi

*

Kibosho,
14 Juni 1954

Kwa Bi. Sitara,

Barua yako na ya Baba Gaudens zimefika siku moja. Nilisoma yako kwanza.

Habari ya eda sikuijua. Kwetu mjane hubaki kwenye migomba yake mpaka afe, hakuna anayemhesabia siku. Niliyoyaandika yarudi kwangu. Pole ya msiba naitoa sasa, imechelewa, lakini naitoa.

Ile barua kwa Bwana Afya ni yangu. Nilidhani nakuchoma wewe, nimechoma nyumba. Cheti nimekwisha kukituma kwa mkono wa Marcelino, na nimemwapisha asinywe njiani. Kuku ni wako, wanatolewa kwa kosa langu. Hilo la tatu ndilo gumu. Nakuomba uandike kuwa wewe si mke wake. Kukuomba kunaniuma kuliko uchungu wa kumzaa Gaudens, nawe uliona jinsi nilivyo, basi jua sitanii.

Nitasema na jingine, maana nikilificha litanioza. Ulisema uliingia mwali miaka ishirini na miwili. Nimehesabu. Basi hata arobaini hujafika, au umefika jana. Na wivu wangu haujaisha. Umepungua, haujaisha. Mume wangu hajapata kuniambia amesikia jinsi ninavyoongea na mbuzi.

Celina

*

Uani,
28 Juni 1954

Kwa Bi. Celina,

Kesho natoka eda. Naandika hii hali vitu vyangu viko ndani ya makanda.

Mbaruku alikuja baada ya Idi. Alisimama nje ya dirisha akasema, “Shemeji, wewe kaa kimya tu. Usiandike chochote. Nyumba ikirudi, chumba chako na jiko lako ni vyako mpaka siku ya kufa, nami yule mnunuzi mwingine namfukuza.” Nilijua nusu ya maneno yake ni uongo, lakini nusu iliyobaki ilitosha. Karatasi ikakaa mbele yangu siku tatu. Barua yako ilikuwa kando yake. Nitakwambia kweli, barua yako haikunisaidia. Kila nilipoisoma nilikuona umesimama kwenye jiko langu, mikono kiunoni.

Siku ya nne nilikuwa nalisha kuku, nikakumbuka lile “ndiyo”. Nikaona aibu imenipanda toka miguuni. Niko ndani kwa ajili ya Heri. Nimevaa kaniki kwa ajili ya Heri. Na kwenye karatasi ya serikali, udongo wa kaburi lake haujashuka, nimeandikwa mke wa mtu mwingine, nikanyamaza, kwa ajili ya mayai. Nikaandika pale pale, kuku wakinizunguka: Mimi ni mke wa Heri bin Faraji, fundi, na sina mume mwingine. Karani ameipokea. Kwa hiyo usinishukuru, sikukuandikia wewe.

Kuku kumi na mmoja wamechinjwa leo kwa kisomo cha marehemu. Wazee wa msikitini wamekula, majirani wamekula. Paja moja la jogoo amekula mumeo, nalo nalitaja hapa usije ukalisikia kwa Marcelino. Koo na vifaranga vyake nawachukua ndani ya tenga, navuka nao Kigamboni kwa kaka yangu.

Mafiga nimeyaacha. La kushoto linacheza kidogo, liwekee kigae.

Sitara binti Shomari

*

Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo,
19 Septemba 1954

Kwa Bi. Sitara, Kigamboni.

Sijui nikuamkie shikamoo au nisikuamkie, maana hapa nimewauliza majirani umri wako na sura yako wakaishia kucheka.

Tumefika wiki ya sita sasa. Jina la Anselmi limeingia Bomani, nimeliona kwa macho. Figa la kushoto nimeliwekea kigae. Nimenunua kuku wanane na kibali kimeandikwa Celina, mke wa mwenye kiwanja, nimekitundika ukutani. Hawatagi. Wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hawa wangu wana kamba, na mimi pia ninayo. Muuza samaki wa Feri anapiga hodi, “Bi Sitara, leo changu!” Mwanamke wa nyumba ya pili anakuja na bakuli, “Mayai ya Bi Sitara yapo?” Nina nyumba, nina mume, nina cheti na kibali, na mtaa mzima unaniita mgeni wako.

Hayo ningeyameza. Lakini kuna hili. Juma lililopita upepo uligonga bati uani. Anselmi alikuwa anapima mchele. Akageuza kichwa. Akageuka tu, akaendelea kupima. Mimi nilikuwa namwangalia. Kesho yake nikaling'oa bati lote, nikasema nataka mwanga.

Nisikilize. Najua hakuna kitu. Naamini eda yako, naamini karatasi yako. Ila kuamini kuko kichwani, na wivu wangu hauko kichwani. Basi nakuomba jambo la mwisho. Siku moja ukivuka, pita dukani. Usijitambulishe. Simama mbele yake uso wazi, nunua chochote. Nataka nimwone asikujue. Akikutazama usoni asikujue, siku hiyo nitalala usingizi.

Celina

*

Kigamboni,
11 Oktoba 1954

Kwa Bi. Celina, mwenye nyumba.

Shikamoo usiniamkie, tumelingana au tumepitana kidogo. Barua yako imenichekesha, kisha haikunichekesha.

Kwanza kuku. Rudisha bati. Jua la adhuhuri linaingia uani kutoka upande ule, na wale waliokuwa wangu walitaga kivulini mwake. Wape na maganda ya chaza yaliyopondwa, hata Feri utayaokota. Watataga.

Sasa lile jambo. Nimekwisha kuja. Alhamisi iliyopita nilivuka na kivuko cha asubuhi, nikashika njia ya Mnazi Mmoja kwa miguu, nikafika dukani jua limepanda kiasi. Ulikuwepo. Ulikuwa umekaa kizingitini na ungo, unachambua mchele, umefunga kitambaa cha njano. Wewe ni mzuri kuliko nilivyotaka. Mumeo alikuwa nyuma ya mizani. Kumbe ni mfupi! Miezi yote ile nilimdhania mrefu.

Nilifunua uso kama ulivyotaka. Nikanyoosha kidole kwenye gunia la sukari. Akaniuliza, “Ratili ngapi, mama?” Nikamwonyesha kidole kimoja. Akaniuliza kama nataka na chai, nikatikisa kichwa. Ndipo ulipomwambia mumeo, kwa huruma, “Maskini, ni bubu. Mzidishie kidogo.” Naye akazidisha, akanifungia vizuri, akanitazama usoni, akasema, “Karibu tena,” akamgeukia mteja mwingine. Nawe ukanisogezea ungo nipite.

Yule bubu ni mimi, Bi. Celina. Uliomba mumeo asinijue, hakunijua. Nimetimiza. Lala.

Lakini mimi na wewe ni wanawake, na uongo mmoja wa nyumba ile umetosha. Sikunyamaza kwa sababu sina la kusema. Nilikuwa nimekuja nalo toka ng'ambo, neno moja tu, la kumshukuru kwa lile bati na kwa wale kuku. Likanifika mdomoni, na sauti yangu angeijua. Nikakuangalia ulivyokuwa unamwangalia yeye, nikalimeza, nikarudi nalo Kigamboni.

Sitara binti Shomari